Tamaa, Ushujaa na Hatia katika Tabia ya Macbeth

Waalimu wasomeshao mchezo wa Macbeth kwa vijana wasemao Kiswahili hukutana na shida isiyotokana na ugumu wa Kiingereza cha kale, bali na maneno yetu wenyewe. Waingereza wana neno moja kwa ile hali ya mtu kutaka kupanda juu ya wenzake. Mara neno hilo ni sifa, mara ni lawama, na msikilizaji huachiwa apime mwenyewe. Sisi hatuna la namna hiyo. Twasema fulani ana tamaa, ana uchu, apenda makuu. Na kila moja la maneno hayo limekwisha kukata hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba Macbeth alikuwa mtu wa tamaa, darasa hujiona limeumaliza mchezo. Kadhalika neno shujaa twalitumia kwa mtu asiyeogopa vitani, na tena kwa mhusika mkuu wa hadithi. Ndipo kijana huuliza, naye ana haki ya kuuliza, je, mtu aliyemwua mgeni wake usingizini aweza kuitwa shujaa? Na hatia ndiyo yenye utata kuliko yote, kama itakavyoonekana.

Mchezo wenyewe uliandikwa na William Shakespeare karibu na mwaka 1606, ukachapwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwake. Kwa Kiswahili tunayo tafsiri ya S. S. Mushi, iliyotolewa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Kisa alikitwaa katika tarehe ya Raphael Holinshed, iliyotoka mwaka 1577, lakini alikigeuza sana, na mwalimu asikisomeshe kama historia. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti tangu mwaka 1040 hata 1057. Mfalme Duncan aliuawa katika vita, si kitandani, wala hakuwa mzee. Na mwaka 1050 Macbeth alikwenda Roma kuhiji, akawagawia maskini fedha nyingi. Mtu wa kweli na mtu wa mchezo, basi, hawana sehemu kubwa pamoja ila jina na kiti.

Kisa cha mchezo ni hiki, kwa ufupi. Macbeth, jemadari na jamaa wa mfalme, mwenye cheo cha kutawala wilaya ya Glamis, kinachofanana kidogo na ujumbe wa pwani yetu, arudi kutoka vitani pamoja na mwenziwe Banquo. Wakutana na wanawake watatu wa ajabu, nao wamwambia kwamba atapata Cawdor, kisha ufalme. Na Banquo aambiwa kwamba atazaa wafalme ingawa mwenyewe hatatawala. Mara hiyo waja wajumbe na habari kwamba mfalme amempa Cawdor. Usiku Duncan alala katika ngome ya Macbeth huko Inverness, na mwenyeji wake, akisukumwa na mkewe, amchoma visu. Baada ya hapo Banquo auawa na watu wa kukodiwa, kisha mke na watoto wa Macduff. Mwisho Malcolm mwana wa mfalme aja na jeshi la Waingereza, na Macduff amkata Macbeth kichwa.

Tuanze na ushujaa, kwa sababu mchezo wenyewe waanza nao. Kabla Macbeth hajaonekana, askari aliyejeruhiwa aleta habari zake kutoka uwanjani: jinsi alivyojipasulia njia katikati ya adui mpaka akamfikia haini Macdonwald, akampasua tangu kitovu hata taya, akakitundika kichwa chake juu ya boma. Mfalme asikiapo hayo amsifu kwa furaha. Yafaa wanafunzi wasimame hapa kidogo. Kazi ile ile ya upanga iliyomletea Macbeth heshima asubuhi ndiyo iliyomfanya mwuaji usiku. Mkono haukubadilika, wala damu haikubadilika rangi. Kilichobadilika ni ruhusa. Na mchezo wafunga duara lake kwa kichwa kingine cha haini kukatwa, nacho ni cha yule yule aliyekata cha kwanza.

Kiswahili chatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Ushujaa kwetu ni wa mtu akabiliye hatari kwa ajili ya haki au kwa ajili ya watu wake. Ujasiri ni kuthubutu tu, na mwizi naye aweza kuwa jasiri. Ushupavu ni ugumu wa kutorudi nyuma, uwe kwa jema au kwa baya. Ukimfuata Macbeth toka mwanzo hata mwisho waona sifa yake ikishuka ngazi hizi moja moja. Vitani ni shujaa. Usiku wa kuua ni jasiri, tena kwa shida, maana aona mbele yake kisu kisichoshikika. Katika ngome ya Dunsinane, jeshi la adui likikaribia, hana tena ila ushupavu, naye mwenyewe ajifananisha na dubu aliyefungwa mtini akishambuliwa na mbwa.

Ugomvi wa mume na mke, kabla ya mauaji, ni ugomvi juu ya maneno haya haya. Macbeth amekwisha kuazimu kuiacha shauri ile. Mkewe amwuliza kama yeye ni mwoga, na kumwambia kwamba alipothubutu ndipo alipokuwa mwanamume. Jibu la Macbeth ni la maana sana: yuko tayari kuthubutu yote yampasayo mwanamume, na athubutuye zaidi ya hapo si mwanamume tena. Ajua, basi, kwamba ujasiri una mpaka, na kwamba ng'ambo ya mpaka huo hauongezi uanaume bali waupunguza. Lakini hakuweza kuvumilia kuitwa mwoga nyumbani mwake. Mtu asiyeogopa majeshi ya Norwe aliogopa neno la mkewe. Baadaye, huko Uingereza, Macduff apashwa habari kwamba mkewe na watoto wake wote wameuawa. Malcolm amhimiza ayapokee kiume, naye ajibu kwamba atafanya hivyo, lakini hana budi pia kuyasikia uchungu kama mwanamume. Waalimu wengi hupita hapo haraka kwa kuwa mchezo unaelekea mwisho. Mimi naona ndilo jibu la ugomvi ule wa Inverness, na lafaa kusomwa sambamba nao.

Sasa tamaa. Neno hili latokana na Kiarabu, nasi twalitumia kwa namna mbili. Tamaa ni kutaka kupita kiasi, kama mithali isemavyo, tamaa mbele mauti nyuma. Lakini tamaa pia ni tumaini: mgonjwa akipata nafuu twasema tamaa ipo, na asipopona twasema watu wamekata tamaa. Lugha zilizotenganisha mambo haya mawili hukosa kitu, maana kwa Macbeth ni kamba moja. Siku ile nyikani alipata tamaa kwa maana zote mbili. Mwisho, apashwapo habari kwamba mkewe amekufa, maneno yake ni ya mtu aliyekata tamaa kabisa, aonaye maisha kuwa kama mchezaji wa jukwaani apigaye kelele saa moja kisha asisikike tena. Hakupungukiwa na alichotaka. Taji alikuwa nalo kichwani. Kilichokatika ni uwezo wa kutaka. Kitambo kidogo kabla ya habari hiyo alikwisha kukiri kwamba heshima, upendo, utii na wingi wa marafiki, vitu vipaswavyo kuandamana na uzee, hawezi kuvitazamia. Hivyo ndivyo alivyokuwa navyo vyote kabla hajatamani chochote.

Lakini tamaa hiyo ilitoka wapi? Hapa yaja shida kubwa kuliko zote darasani, nami sitaki kuipitia juu juu. Mwalimu akiwaita wale wanawake watatu wachawi, bila kueleza zaidi, vijana wengi hutoa jibu moja: Macbeth alirogwa. Na kwetu aliyerogwa hana hatia. Yeye ni mgonjwa, na mwenye hatia ni aliyemroga. Neno moja la tafsiri laweza kuufuta mchezo wote, ukabaki kuwa habari ya mtu mwema aliyepatwa na balaa. Si kosa la vijana. Wanafuata maana ya neno kama walivyolisikia nyumbani kwao.

Tena hatuwezi kusema kwamba Shakespeare hakuwa na uchawi mawazoni. Mfalme James, aliyekuja kutawala Uingereza mwaka 1603 kutoka Uskoti, alikuwa amekwisha kutunga kitabu juu ya uchawi mwaka 1597, na watu wa siku zile walisadiki mambo hayo. Lakini mchezo wenyewe waweka mpaka wa nguvu zao. Mmoja wao ajisifu jinsi atakavyomtesa baharia, asipate usingizi mchana wala usiku, akakonda na kudhoofika. Kisha asema wazi kwamba chombo chenyewe hakiwezi kupotea, ila kitatupwa na tufani. Waweza kutikisa, hawawezi kuzamisha. Na jina ambalo Macbeth na Banquo huwaita si lile la wachawi, bali ni neno la kale lenye asili ya majaliwa. Kwa hiyo naona yafaa mwalimu awaeleze wanafunzi wake kwamba kazi yao nyikani yafanana zaidi na ya mwaguzi au mpiga ramli: wasema litakalokuwa, hawasemi litakuwaje, wala hawatoi amri. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja kuua.

Ni nani, basi, aliyetaja kuua kwanza? Ni moyo wa Macbeth. Asikiapo neno la ufalme, ashtuka, hata Banquo amwuliza kwa nini aogope habari njema hivyo. Mtu hushtuka namna hiyo asikiapo siri yake ikisemwa na mgeni. Dakika chache baadaye awaza juu ya mauaji, na nywele zamsimama. Tena mkewe, katika ugomvi tuliokwisha kuutaja, amkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyelileta shauri hilo kwake. Na shahidi mkubwa ni Banquo. Alisimama mahali pale pale, akasikia vinywa vile vile, akapewa ahadi isiyo ndogo kwa mtu mwenye mwana. Naye pia alijaribiwa: usiku ule wa mauaji aomba azuiliwe mawazo mabaya yamjiayo usingizini. Tofauti ya watu hawa wawili si kwamba mmoja alirogwa na mwingine akaokoka. Ni kwamba mmoja aliomba azuiliwe, na mwingine akaziomba nyota zifiche nuru yake zisiione nia yake. (Katika kitabu cha Holinshed Banquo alikuwa mshirika wa mauaji. Kwa kuwa Mfalme James alihesabiwa kuwa wa uzao wa Banquo, yafahamika kwa nini mtunzi alimsafisha. Lakini kwa kumsafisha alipata pia kipimo cha kumpimia Macbeth.)

Wanafunzi wa pwani wataona mfano wa karibu katika habari za Fumo Liyongo. Darasa likiulizwa nani katika hadithi ile afanana na Macbeth, wengi hujibu Liyongo, kwa kuwa naye ni shujaa aliyekufa. Sivyo. Afananaye naye ni yule mwana, aliyeahidiwa makuu na mtawala wa Pate, akamwendea babaye aliyelala na kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Kuna ahadi, kuna jamaa, kuna usingizi, na kuna silaha isiyo ya vitani. Wala hakuifaidi ahadi ile. Lakini masimulizi yamshughulikia zaidi Liyongo, aliyekwenda kisimani na upinde wake akafa amepiga goti, hata watu wakaogopa kuteka maji kwa kumdhania yu hai. Shakespeare aligeuza taa upande wa pili: amwacha aliyelala, amfuata mwenye sindano, naye atutaka tukae naye mpaka mwisho.

Nasi tukikaa naye tunafika kwenye hatia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alipoandika juu ya michezo ya msiba alisema kwamba anguko la mhusika mkuu lisitokane na uovu wa tabia, bali na kosa kubwa. Na neno alilolitumia, hamartia, ndilo lile lile ambalo katika Agano Jipya twalitafsiri dhambi. Asili yake ni kukosa shabaha. Sasa tazama lugha yetu: mwenye upinde aliyeukosa mlengo, na mtu aliyemtendea mwenziwe vibaya, wote wawili twasema wamekosa. Na hatia, tuliyoipokea kwa Waarabu, katika lugha yao ina shina lenye maana hiyo hiyo ya kukosa mlengo. Lugha tatu zimekutana njiani bila kuagana.

Hata hivyo neno la Aristotle halimwenei Macbeth barabara. Yule akosaye shabaha alikuwa akilenga vema, au alidhani hivyo. Macbeth hakudhani. Kabla ya tendo, akiwa peke yake nje ya ukumbi wa karamu, ahesabu kwa utaratibu kama kadhi: Duncan ni jamaa yangu, Duncan ni mfalme wangu, Duncan ni mgeni wangu, na mwenyeji imempasa amfungie mwuaji mlango, si kushika kisu mwenyewe, tena ni mtu mpole asiye na lawama katika kazi yake. Kwetu hoja ya mgeni ndiyo imwumizayo msomaji kuliko ile ya mfalme, nami nimeona hata vijana wasiojali sana habari za wafalme wakinyamaza hapo. Kisha akiri kwamba hana sababu ya kumchochea ila hiyo tamaa ya kupanda, naye aifananisha na mpanda farasi arukaye kwa nguvu mno hata kupita tandiko na kuanguka upande wa pili. Hiyo si kesi ya mtu asiyejua. Hatia ilimtangulia mauaji, ikamngoja mlangoni.

Neno dhamiri laonyesha jambo hili vizuri. Twalitumia kwa sauti ile ya ndani imshitakiyo mtu. Lakini kudhamiria ni kukusudia, kutia jambo moyoni. Mahali penye kukusudia na mahali penye kushitaki ni chumba kimoja. Ndiyo maana Macbeth ashitakiwa upesi hivyo. Damu haijakauka mikononi, naye asema alisikia watu wakiomba katika usingizi wao, akataka kuitikia Amina, neno likamkwama kooni. Asikia sauti ikitangaza kwamba ameuua usingizi. Aona kwamba bahari zote haziwezi kumwosha, bali mikono yake itazigeuza rangi. Mlango ugongwapo alfajiri atamani kama kishindo kile kingeweza kumwamsha Duncan.

Mkewe, kinyume chake, asema maji kidogo yatosha. Kwake hatia ni doa la mkono, jambo la kuonekana au kutoonekana na watu. Basi ilimrudia kama doa: katika sehemu ya tano twamwona akitembea usingizini na taa mkononi, akisugua vidole visivyo na kitu, na tabibu asimamaye gizani asema mgonjwa huyu ahitaji kasisi kuliko mganga. Wanafunzi hupenda kusema kwamba mke alikuwa na moyo mgumu na mume moyo laini, kisha wakabadilishana. Sivyo hasa. Mume aliiona hatia yote tangu mwanzo, akaizoea kidogo kidogo kwa kuiongeza. Mke hakuiona kabisa, mpaka alipokuwa hana nguvu za kuichukua.

Kwa habari ya mzuka wa Banquo, desturi ya kusuta yatoa mwanga. Kwetu mwenye kusengenya au kusema uongo huendewa, akakabiliwa mbele ya mashahidi, asiweze kukana. Na kwa mfano huo twasema nafsi ya mtu yamsuta. Katika karamu ile Macbeth asutwa kweli kweli. Amemsifu Banquo mbele ya wageni na kusikitika kwamba hayupo, na mara Banquo yupo, amekaa kitini pake. Wageni hawamwoni, lakini wamwona mfalme wao akijitetea, asema kwamba hakuna awezaye kumshitaki kwa tendo lile. Hakuna aliyekuwa amemshitaki.

Je, majuto haya ni toba? La. Na hapa ndipo pagumu kufundishwa, kwa kuwa maneno haya mawili husemwa pamoja kama ndugu. Katika mchezo wa Hamlet mfalme Claudius, aliyemwua ndugu yake, ajaribu kupiga magoti, kisha aona kwamba hawezi kusamehewa naye angali ameshika taji na mke wa marehemu. Hakutubu, lakini aliufikia mlango na kujua umefungwa kwa nini. Macbeth hakuufikia. Majuto yake ni makali kuliko ya Claudius, lakini yote yamwelekea yeye mwenyewe: usingizi wake, amani yake, roho yake aliyoiuza ili wana wa Banquo watawale. Baada ya karamu asema amezama katika damu kiasi kwamba kurudi ni kazi sawa na kuvuka. Ahesabu uchovu tu, kana kwamba pande zote mbili za mto ni sawa. Tangu hapo aazimia kutenda kwanza na kufikiri baadaye, na tendo la kwanza la azimio hilo ni kuwaua mke na watoto wa Macduff, wasio na kosa lolote wala faida yoyote kwake.

Palibaki tone moja. Siku ya mwisho, akiwa ameua wengine bila kusita, akutana na Macduff, naye amwambia arudi nyuma, maana roho yake imekwisha kulemewa na damu ya watu wa nyumba yake. Ndiye mtu pekee aliyemkwepa vitani, na hakumkwepa kwa hofu, kwa kuwa bado aliamini kwamba hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke awezaye kumdhuru. Baadaye aambiwa kwamba Macduff alitolewa kwa kupasuliwa tumbo la mamaye kabla ya wakati. Ahadi ya mwisho ya wale waaguzi yakatika, na kwanza akataa kupigana. Lakini atishiwapo kufungwa na kuonyeshwa watu kama mnyama wa ajabu, ainua ngao yake. Kama huo ni ushujaa uliorudi, au ni ushupavu wa mtu achaguaye kifo kuliko aibu, nimesikia madarasa yakishindana juu yake kipindi kizima, na sikuwakatiza. Macduff arudi na kichwa. Malcolm amtaja marehemu kwa neno la mchinja nyama, na mkewe kwa jina la shetani, kisha awaalika watu waende Scone kumwona akitawazwa.